Benchi, Baraza na Kero za Jirani

Tuliikuta Jumatatu asubuhi, imebandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa friji. Iliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, bila jina la mwandishi. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi: nyinyi watu mnaopiga simu uani usiku wa manane, mnaoacha masufuria machafu kwenye sinki, mnaoanua nguo za wenzenu zikiwa mbichi ili muanike zenu, jueni kwamba hapa si kwenu.

Sisi ni wanachama watatu wa chama hiki, na muhula huo tulikuwa Johannesburg kimasomo, tumepanga chumba kimoja katika nyumba ya mtaa wa La Rochelle, kusini mwa katikati ya jiji. Tukiri mapema kabla mhariri hajatuumbua: simu za usiku zilikuwa zetu. Vifurushi vya usiku ni rahisi, na mtu anayeongea na mama yake aliye Tanga hawezi kunong'ona. Masufuria nayo, angalau mawili kati ya matatu, yalikuwa yetu. Nguo hatukuanua sisi, na mpaka tunaondoka hakujulikana aliyeanua. Shtaka, basi, tulilikubali karibu lote. Iliyotukaa moyoni ni ile hukumu ya mwisho. Sufuria chafu ilikuwa imetumika kuthibitisha kwamba mwenye sufuria hana haki ya kuwepo.

Tulikuwa tumemwahidi mhariri insha nyepesi kuhusu kero za watu hadharani: anayekata foleni, anayecheza muziki wa simu ndani ya basi, anayetupa ganda la ndizi dirishani. Karatasi ile ilitubadilishia kazi. Tukaanza kuuliza ni lini katika jiji hili kelele na uchafu vilianza kuwa ushahidi kwamba mtu si wa hapa. Kadiri tulivyosoma, ndivyo tulivyoona kwamba jambo hilo lina umri unaokaribia umri wa jiji lenyewe.

Kwanza mtaa. La Rochelle unabeba jina la mji wa bandari wa Ufaransa, ngome ya zamani ya Waprotestanti, lakini Wafaransa hatukuwaona. Watu walioupa mtaa sura yake katika karne ya 20 walikuwa Wareno, wengi wao kutoka kisiwa cha Madeira, na baada ya 1975, Msumbiji na Angola zilipopata uhuru, wakaja wengine kutoka huko. Hadi leo utapata duka la mikate ya Kireno na baa yenye bendera ya Ureno dirishani. Wareno wengi wamehama au wamezeeka, na nyumba zao za familia moja zimegawanywa vyumba. Katika nyumba yetu waliishi kijana wa Maputo, mume na mke wa Malawi, dada wa Zimbabwe aliyefanya kazi ya usiku, kaka mmoja wa KwaZulu, sisi, na mama mmoja wa Uvira na wanawe watatu. Choo kimoja, jiko moja, kamba moja ya nguo. Karibu kila mtu aliyewahi kuishi La Rochelle alitoka mahali pengine, kwa hiyo maneno "hapa si kwenu" yangeweza kubandikwa kwenye friji la nyumba yoyote, mwaka wowote.

Mama wa Uvira ndiye aliyetufungua macho. Kiswahili chake kilitufurahisha tangu siku ya kwanza, na tulimwita Mama naye akatuita wanangu. Jioni watoto wakicheza uani, mpira ukigonga bati, alitoka mlangoni akasema: "Batoto, nyamazeni, batu batasema." Tulidhani ni mama mkali tu. Siku ya karatasi sisi tulicheka, tena mmoja wetu alitaka kujibu kwa karatasi nyingine ndefu zaidi. Yeye hakucheka. Aliibandua taratibu, akaikunja mara nne, akatuambia kwamba mwaka 2008 alikuwa akikaa mashariki ya jiji, na kwamba huko nako mambo yalianza kwa watu kusema. Kisha akaenda kuosha masufuria yetu. Aibu tuliyoipata hatuna haja ya kuieleza.

Sasa historia yenyewe. Dakika chache kwa miguu kutoka nyumba yetu, ndani ya bustani ya Pioneers' Park kando ya ziwa dogo la Wemmer Pan, liko Jumba la Makumbusho ya Usafiri la James Hall, lililoanzishwa 1964. Humo yamehifadhiwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, baiskeli, magari ya zimamoto, mabasi ya ghorofa, na tramu za jiji. Tramu za kwanza za Johannesburg zilivutwa na farasi kuanzia 1891, miaka mitano tu baada ya jiji kuanzishwa juu ya dhahabu. Za umeme zilikuja 1906 na ya mwisho ikasimama Machi 1961. Ni vyombo vizuri kutazama. Viti vya mbao vimeng'arishwa na miaka mingi ya suruali na magauni. Tulipokuwa tukivitazama, mwenzetu mmoja akauliza swali ambalo lingepaswa kutujia sote mlangoni: suruali na magauni ya nani? Baraza la jiji lilitenga tramu zake kwa Wazungu, na wasio Wazungu wakatengewa chache za kwao. Mtu mweusi aliyekaa kiti kisicho chake hakuitwa msafiri aliyekosea. Aliitwa kero.

Hata kutembea kulikuwa na sheria. Katika jamhuri ya Makaburu ya Transvaal, Waafrika na Waasia walikatazwa kutembea kwenye njia za waenda kwa miguu pembeni mwa barabara. Gandhi, aliyefika huko 1893 akiwa wakili kijana, anasimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi askari wa lindo karibu na nyumba ya Rais Kruger mjini Pretoria alivyomsukuma na kumpiga teke hadi barabarani, bila neno la onyo. Fikiria hilo kwa jicho la somo letu. Leo tunamlalamikia mtu anayetembea katikati ya barabara na kuzuia magari, tunamwita hana adabu. Kulikuwa na vizazi vizima ambavyo adabu yao, kwa amri, ilikuwa ni kutembea huko huko barabarani pamoja na magari ya farasi.

Machi 1904 tauni ilizuka Johannesburg. Ilianzia kwa wafanyakazi wa mgodi mmoja wa dhahabu, lakini walioadhibiwa ni wakazi wa kitongoji cha Wahindi karibu na katikati ya jiji. Gandhi, ambaye wakati huo alikuwa na ofisi yake Johannesburg na alisaidia kuwauguza wagonjwa, analilaumu baraza la jiji waziwazi: lilikuwa limeacha kusafisha kitongoji, likaacha njia bila kutengenezwa, kisha likautumia uchafu uliotokana na uzembe wake kama sababu ya kukivunja. Wakazi walihamishiwa mahema ya Klipspruit, zaidi ya kilomita 15 kusini-magharibi, na kitongoji kikachomwa moto chote. Waafrika waliohamishiwa Klipspruit walipewa makazi jirani na shamba la maji taka la jiji. Huko ndiko ilikoota mbegu ya mji ambao baadaye dunia nzima iliujua kwa jina la Soweto.

Tunaomba msomaji aikumbuke hatua hii kwa sababu inajirudia: kwanza watu wananyimwa pipa la taka, halafu wanaitwa wachafu, halafu uchafu unakuwa sababu ya kuwaondoa.

Lakini kilele cha historia hii ni benchi. Wengi wetu tumewahi kuona picha za mabenchi yenye maandishi "Wazungu tu". Tulichokuwa hatujui ni namna sheria yake ilivyozaliwa, na hapa wanachama wanaosoma sheria watuvumilie tukiingia shambani kwao. Mtu mmoja aliyeitwa George Lusu aliingia katika chumba cha kusubiria cha Wazungu kwenye kituo cha treni cha Cape Town. Akashtakiwa. Mahakama hazikusema kwamba kutenga watu ni kosa. Zilisema tu kwamba ukitenga, basi vyumba viwe na hadhi inayolingana, na kwa kuwa chumba cha wasio Wazungu kilikuwa duni mno, Lusu hakuwa na hatia. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hilo. Serikali ingeweza kununua viti vizuri zaidi na kupaka rangi chumba cha pili. Badala yake, mwaka huo huo bunge lilipitisha Sheria Na. 49 ya 1953 ya kutenga huduma za umma, ikatamka kwamba mahali pa umma panaweza kutengewa kundi moja hata kama kundi lingine halikupewa chochote kinacholingana, au halikupewa chochote kabisa.

Tulisoma kifungu hicho mara tatu. Ukorofi wa kawaida ni mtu kuweka begi lake kwenye kiti cha jirani na kujifanya amelala. Hapa dola nzima iliweka begi kwenye kiti, ikajifanya imelala, ikaita hali hiyo utaratibu. Bustani, fukwe, maktaba, vyoo, lifti, kaunta za posta, vyote viliingia humo. Sheria ile ilidumu hadi 15 Oktoba 1990. Kaka wa KwaZulu katika nyumba yetu alikuwa amezaliwa tayari.

Kuna picha maarufu iliyopigwa na Peter Magubane mjini Johannesburg mwaka 1956. Mtoto wa kike wa Kizungu ameketi kwenye benchi lenye maandishi ya Wazungu tu, na yaya wake mweusi ameketi nyuma yake, upande wa pili wa egemeo. Yaya huyo angeweza kumlisha mtoto, kumwogesha na kumlaza. Kukaa naye kiti kimoja bustanini ndiko kungekuwa utovu wa adabu.

Mtu wa pwani akitazama benchi lile hawezi kuacha kufikiria baraza. Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu umejaa mabaraza ya mawe yaliyojengwa kwenye kuta za nyumba, nje, upande wa barabara. Mwenye nyumba anatoa ukuta wake, mpita njia anapata kiti, na kuna adabu nzima ya mahali hapo: salamu kabla ya kukaa, kumpisha mzee, kutosikiliza yanayosemwa ndani ya dirisha, kuondoka kahawa inapokwisha. Lakini tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mabaraza mengi yalikuwa ya wanaume. Mwanamke alipita akiharakisha. Na maneno yetu wenyewe yanatusuta. Wanahistoria wa pwani wanaeleza kwamba neno la kale la tabia njema ya mjini ni uungwana, na muungwana, kwa maana yake ya kwanza, ni mtu huru, asiye mtumwa. Katika karne ya 19, Zanzibar ikiwa chini ya masultani wenye asili ya Oman, ustaarabu ukaanza kuushinda uungwana, na watu wamebishana tangu hapo kama neno hilo linatuambia tuwe watu wema au tuwe Waarabu. Upande wa pili wa maneno hayo mawili walisimama mtumwa na mshenzi. Mhadhiri wetu mmoja hupenda kusema kwamba kamusi ina makaburi. Tunadhani haya ni mawili kati yake.

Nayo Dar es Salaam? Miaka ya 1920 utawala wa Waingereza uliendeleza mpango ulioanzishwa na Wajerumani wa kuugawa mji kwa kanuni za ujenzi, mpaka watu wakauita kwa majina ambayo bado tunayo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mnazi Mmoja ulikuwa uwanda wa wazi wa kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Lami na mitaro vilifuata ramani hiyo hiyo. Leo mtu mwenye gari akimwona mwingine akikojoa ukutani husema "mambo ya Kiswahili hayo", na asemaye ni Mswahili, na wanaomsikiliza ni Waswahili, na hakuna anayeshtuka. Chama hiki kina umri wa kutosha kuanza kushtuka.

Turudi Johannesburg, kwenye jambo lililotufurahisha kuliko yote. Watu walionyimwa benchi walitengeneza adabu yao mahali pengine, na mahali penyewe leo ni teksi, yaani basi dogo kama daladala zetu. Mizizi yake ni ya miguu. Januari 1957 kampuni ya mabasi ilipopandisha nauli ya Alexandra kutoka peni 4 hadi peni 5, maelfu ya wafanyakazi waliamua kutembea, kama kilomita 15 kwenda na nyingine 15 kurudi, kwa miezi kadhaa. Wito wao ulikuwa "Azikwelwa", hatupandi. Wenye magari waliowapa lifti walisimamishwa na polisi na kusumbuliwa. Kwa miaka mingi baadaye teksi za watu weusi zilibanwa na vibali mpaka sheria ya 1988 ilipolegeza biashara ya usafiri, na basi dogo la abiria 15 au 16 likatawala barabara. Vita vya wenye njia vilivyofuata, vilivyoua watu wengi, tunavipita kwa sababu vinahitaji insha yao.

Ndani ya teksi ya Johannesburg hakuna konda. Hili lilitusumbua siku ya kwanza: tulikaa na noti mkononi tukingoja mtu aje kutudai. Hakuja mtu. Abiria wa nyuma akatugusa bega, akatupa nauli za safu yake, tukaongeza zetu, tukazipeleka mbele, zikapita mikononi mwa watu wasiojuana hadi kwa abiria aliyekaa karibu na dereva. Huyo ndiye anayehesabu. Anauliza nani kalipia wangapi, anatoa chenji, chenji inarudi nyuma kwa njia ile ile, mkono kwa mkono, mpaka mzee wa kiti cha mwisho anapata randi zake mbili. Asiyejua hesabu hukwepa kiti cha mbele, na kila mtu anaelewa. Nje, anayetaka gari la mjini huinua kidole kimoja cha shahada, na dereva anajua. Anayetaka kushuka baada ya taa za barabarani hutamka "after robot", kwa sauti ya kutosha kumfikia dereva na isiyotosha kuwaamsha waliolala. Hakuna kibao kinachoeleza haya. Hakuna faini. Dereva wenyewe mara nyingi ni wakali na honi zao hazina haya, lakini zile safu nne za viti zina nidhamu ambayo hatujaiona katika vikao vyetu vya chama.

Tukalinganisha na kwetu. Daladala zilihalalishwa mwaka 1983, usafiri wa umma wa Dar es Salaam ulipozidiwa, na jina lenyewe linatokana na dala, shilingi tano. Kila aliyesoma sekondari mjini anakumbuka konda akiziba mlango kwa mkono: "Denti wawili tu!" Wanafunzi kwa sababu hulipa nauli ndogo huachwa kituoni mvuani huku watu wazima wakipanda, nao watu wazima wanatazama pembeni. Mmoja wetu aliwahi kuachwa na magari sita mfululizo akiwa na miaka 13, na akiisimulia bado sauti humbadilika. Kenya nako, Februari 2004, serikali ilianza kutekeleza kanuni ambazo watu waliziita za Michuki, kwa jina la waziri: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano, mwisho abiria 14. Wiki chache Nairobi ilipumua. Kisha msongamano ukarudi kidogo kidogo. Tunachokiona hapa ni kwamba kanuni ya Michuki ilikuwa ya waziri, na foleni ya nauli ya Johannesburg ni ya abiria, wala hatuhitaji kusema ipi imeishi zaidi.

Wenzetu wawili waliosoma rasimu hii walitupinga, na pingamizi lao ni la haki. Walisema: historia haitupi taka barabarani, mtu ndiye anayetupa. Kweli. Sheria ya 1953 haikuacha sufuria zetu kwenye sinki. Dada wa Zimbabwe aliyerudi kutoka kazini alfajiri na kukosa usingizi kwa sababu ya vicheko vyetu hakuwa mbaguzi alipokasirika. Kelele ni kelele, na aliyelala ana haki yake hata kama aliyeamka ana historia ya kusikitisha. Tunakataa kuifanya historia kuwa sabuni ya kujisafishia.

Tunachodai ni kidogo, lakini Johannesburg imekilipia gharama kubwa. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianza Alexandra, mtaa ule ule wa "Azikwelwa", yakasambaa. Watu 62 waliuawa, 21 kati yao wakiwa raia wa Afrika Kusini, kwa maana moto haukukagua vitambulisho. Makumi ya maelfu walikimbia makazi yao. Mama wa Uvira alikuwa mmoja wao. Alilala na mwanawe wa kwanza kwenye ua wa kituo cha polisi, na anachokumbuka ni kwamba waliowafukuza hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa watu waliokuwa wakigombania naye bomba la maji, foleni ya choo, na muziki wa Jumapili. Na Februari 2017, katika mtaa jirani yetu wa Rosettenville, wakazi walichoma nyumba kadhaa wakisema ni za madanguro na dawa za kulevya, zikikaliwa na wageni. Malalamiko ya wakazi juu ya biashara hizo huenda yalikuwa na msingi, na watu waliishi nazo muda mrefu bila kusaidiwa. Lakini moto uliopigwa kwa jina la usafi wa mtaa Johannesburg iliwahi kuuona, mwaka 1904, na kilichoungua ni nyumba za watu.

Ndiyo maana alisema batu batasema. Alikuwa anawafundisha wanawe adabu, ndiyo, kama mama yeyote. Alikuwa pia anawaficha.

Jumapili iliyofuata tuliomba kikao cha nyumba. Kijana wa Maputo alileta soda, sisi tulileta maandazi tuliyoyaunguza kidogo. Tulianza kwa kuomba radhi kwa simu na masufuria, na tukasema majina yetu, maana tuligundua kwamba baada ya miezi miwili nusu ya nyumba ilikuwa haijui majina ya nusu nyingine. Kaka wa KwaZulu alisema, bila kuulizwa, kwamba karatasi aliiandika yeye, na kwamba ile sentensi ya mwisho aliiongeza kwa hasira. Mama wa Uvira alimwambia hasira ni ya kila mtu, maandazi yapo. Hakuna aliyekiri kuanua nguo.

Tukaandika karatasi mpya, ya lugha nne: Kizulu, Kiingereza, Kireno na Kiswahili. Ilikuwa na mambo manne tu: vyombo, kamba ya nguo, choo, na kelele. Katika mstari wa Kiswahili tulibishana na Mama. Sisi tuliandika kelele mwisho saa nne usiku, tafadhali. Yeye akataka tafazali. Tukaacha tafazali, kwani ndivyo atakavyoisoma mwenyewe kila siku, sisi tutakuwa tumeshaondoka. Kizulu, Kiingereza na Kireno ziliandikwa 22:00.

Siku ya pili kijana wa Maputo, ambaye tulikuwa tumemfundisha kuhesabu hadi kumi, alitugongea mlango akiwa amenuna. Alikuwa ameusoma mstari wetu kwa makini. Akasema si haki: watu wote wanyamaze saa nne kabla ya asubuhi haijafika, na Waswahili peke yao wamejipa ruhusa ya kupiga kelele mpaka saa kumi za alfajiri. Ilituchukua muda kumwelewa: yeye alihesabu "nne" kwa saa ya ukutani. Tukatoka naye uani, tukamwonyesha jua lilipokuwa, tukaanza kumweleza kwamba sisi siku tunaianza kuhesabu jua linapochomoza. Dada wa Zimbabwe akafungua dirisha akatuomba tupunguze sauti.